Baghala si mkaidi, na farasi mwekundu si kichaa

Kwenye shamba linalofuga farasi na baghala pamoja, sifa hugawiwa mapema sana: huyu mpole, yule mkaidi, yule wa kona kichaa, usimkaribie. Zikishatolewa hazifutiki. Mnyama akiuzwa, sifa huenda naye, na mwenye kumpokea huanza kumwogopa kabla hajamgusa. Tatizo ni kwamba nyingi ya sifa hizo hutokana na mtu kuona tendo moja na kulisoma vibaya.

“Baghala ni mkaidi kwa asili”

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na ndiyo iliyowaponza baghala wengi kwa fimbo. Baghala ni mtoto wa punda dume na farasi jike, na namna anavyoikabili hofu ameirithi zaidi upande wa baba. Mababu wa farasi waliishi kwenye nyika za wazi. Kilichowaokoa ni kutimua mbio mara tu jani linapotikisika. Mababu wa punda waliishi kwenye ukame na mawe, malisho haba, mara nyingi wakiwa wachache wachache. Anayekurupuka kwenye mteremko wa mawe huvunjika mguu. Kwa hiyo punda husimama, hutazama, hupima.

Walete wote wawili kwenye kidaraja cha mbao wasichokijua. Farasi akishtuka anageuka na kuondoka. Baghala anaganda. Mtazame kwa karibu: masikio yote mawili yameelekezwa mbele, kichwa kinashuka taratibu, pua inanusa ubao wa kwanza, pumzi inatoka kwa nguvu, mguu mmoja wa mbele unagusa mbao na kurudi. Aliyeshika kamba anaona ubishi. Mnyama anakagua. Ukimwacha amalize, mara nyingi atavuka mwenyewe, na safari ijayo hatasita sana. Ukimchapa pale pale, umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na hilo hatalisahau upesi.

Si mzito wa kuelewa pia. Utafiti wa Leanne Proops, Faith Burden na Britta Osthaus, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima farasi, punda na baghala kwa zoezi la kutofautisha alama: anayechagua ndoo yenye alama sahihi anapata chakula. Baghala walijifunza jozi nyingi za alama kuliko farasi, na kuliko punda.

Wapo wanaosikia hayo wakarukia upande wa pili: basi baghala ni mwerevu, anafaa kwa mtu asiyejua kitu. Hapana. Mnyama anayejifunza haraka hujifunza na makosa yako haraka. Ukimwachia mara mbili tatu akunyang’anye kamba mbele ya banda, ameshahitimu. Kwa anayeanza, mimi ningemchagulia farasi mzee aliyeona mengi.

“Baghala ni nusu farasi, nusu punda, basi tabia yake iko katikati”

Kwa hesabu ya kromosomu ni kweli: farasi ana 64, punda 62, baghala 63. Tabia haigawanyiki hivyo. Mbele ya hatari baghala anaweza kuwa punda mtupu, ila kwenye mapenzi yake akawa wa farasi, maana amenyonya kwa farasi na kukua ubavuni mwake. Baghala wengi wana udhaifu mkubwa kwa farasi jike. Wasafirishaji wa mizigo wa zamani huko Marekani waliujua udhaifu huo wakautumia: walimvika farasi jike kengele shingoni, baghala wakamfuata njia nzima, na usiku hawakwenda mbali na sauti ya kengele hiyo. Hakukuwa na haja ya kumfunga kila mmoja.

Shambani jambo hilo hilo huonekana kama utovu wa nidhamu. Farasi jike akitolewa kwa kazi, baghala aliyebaki anapita na kurudi kando ya uzio, analia, hali. Hapo utasikia “amedekezwa.” Ameachwa na mwenzake, basi. Dawa ni kumzoesha kutengana kidogo kidogo, dakika chache kwanza, akiwa na mnyama mwingine karibu.

“Mwekundu, hasa jike, ni kichaa”

Rangi ya farasi mwekundu hutokana na jeni iitwayo MC1R. Utafiti wa Australia uliolinganisha farasi wekundu na wa hudhurungi haukukuta kwamba wekundu ni wakorofi zaidi. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba walikuwa wepesi zaidi kusogelea vitu na wanyama waliowazunguka. Anayemtarajia mwekundu alete vurugu hukaza mikono kwenye hatamu kabla ya lolote kutokea, na farasi huhisi. Kisha tunailaumu rangi.

“Damu ndiyo kila kitu”

Tarehe 4 Mei 2003, Chuo Kikuu cha Idaho nchini Marekani kilipata baghala wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia ya kunakiliwa (cloning, yaani kuzalishwa awe na jeni zile zile za seli aliyotokana nayo), Idaho Gem. Idaho Star naye akazaliwa mwaka huo huo, kwa seli za asili moja. Wawili hao walitengwa na kufunzwa na watu tofauti, na mwaka 2006 wakakutana kwenye mashindano ya mbio huko Winnemucca, Nevada. Jeni zile zile, lakini Idaho Gem alimaliza wa 3 na Idaho Star wa 7. Mbio si tabia, nakubali, ila anayeahidi kukuuzia “damu ya upole” afikiriwe mara mbili.

Kinachosahaulika ni mama. Watafiti wa Ufaransa waliwapiga brashi na kuwalisha farasi jike kwa upole katika siku 5 za kwanza baada ya kuzaa, bila kuwagusa watoto. Watoto walitazama tu. Watoto hao walikuwa wepesi kumsogelea mtu kuliko wenzao, na tofauti ilionekana hata karibu mwaka mzima baadaye. Ukimkuta baghala anayemkwepa kila mtu, uliza kwanza mama yake alikuwa anashikwaje.

“Anayewafukuza wenzake kwenye majani ndiye kiongozi”

Kutawala chakula na kufuatwa ni mambo mawili. Farasi anayewatimua wengine kwenye majani makavu huenda akaanza kuelekea mtoni na asifuatwe na yeyote, ilhali yule mtulivu wa pembeni akinyanyua kichwa na kuondoka, kundi zima linaondoka. Watafiti waliofuatilia makundi wameona wanyama tofauti wakianzisha safari kwa nyakati tofauti. Hakuna mfalme mmoja.

Na mara nyingi huyo “mnyanyasaji” tumemtengeneza wenyewe kwa kuweka chakula mahali pamoja. Weka marundo mengi kuliko idadi ya wanyama, yakiwa mbalimbali, halafu mtazame tena baada ya wiki kadhaa. Angalia pia nani anasimama na nani, kichwa kwa mkia, wakikunana mizizi ya shingo kwa meno. Kukunwa hapo hushusha mapigo ya moyo ya farasi, na hao ndio marafiki usiowatenganisha kwa sababu tu banda lina nafasi upande mwingine.

“Mkorofi tu, alizaliwa hivyo”

Hapa ndipo ningependa watu wasimame zaidi. Farasi anayelaza masikio ukikaza mkanda wa tandiko, anayeuma hewa ukimpiga brashi tumboni, anayegoma kugeukia upande mmoja: mengi ya hayo ni maumivu. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwa farasi, hasa wanaofanya kazi nzito na kukaa saa nyingi bila majani. Meno yenye ncha kali huchoma shavu kila lijamu inapovutwa. Mgongo unaouma humfanya mnyama awe mkali kwa watu. Hilo nalo limechunguzwa na kuonekana. Tabia ikibadilika ghafla, anza na daktari wa mifugo. Mkufunzi afuate baadaye.

Kwa baghala kuna mtego zaidi, kwa kuwa yeye, kama baba yake, huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hupiga teke tumbo lake, hujigaragaza, hutoka jasho. Kila mtu anaona. Baghala anaweza kusimama tu kichwa chini, akala kidogo, akawa mtaratibu. Baghala mchangamfu aliyegeuka mpole asubuhi moja, akikuruhusu kumshika masikio ambayo jana hukuyagusa, usimpongeze. Mpime joto, tazama kinyesi, piga simu.

“Hazai, basi hana haja ya kuhasiwa”

Baghala dume hazalishi, lakini homoni za kiume anazo zote. Asipohasiwa atawapanda majike, atapigana, na akikomaa anaweza kuwa hatari kwa watu, hata yule aliyekuwa akilala mapajani kwa mtunzaji alipokuwa mdogo. Baghala jike naye hupata joto la kutaka dume kama farasi, na visa vichache mno vya majike kuzaa vimewahi kuthibitishwa. Kwa dume, mwite daktari kabla hajafikisha miaka 2. Akichelewa sana, mazoea ya ukali hubaki hata homoni zikishapungua, na utakuwa na kazi ya mafunzo juu ya gharama ya upasuaji.