Kutoa masega hakupunguzi ulaji wa mafuta

Ukipita gereji za Nyakato, Mwanza, hutakosa kuambiwa kuhusu masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi (catalytic converter): "Toa masega hayo, gari lipumue, litakula mafuta kidogo." Kuna ukweli kiasi: masega yakiziba, moshi hukosa njia na gari huchoka, hata kilima cha Bugando linapanda kwa shida. Lakini masega mazima hayapunguzi nguvu kiasi cha kuhisi barabarani. Kinachoongezeka ukiyatoa ni mngurumo, na mngurumo hudanganya.

Kiasi cha mafuta hupangwa na kompyuta ya injini, ikisoma sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, kwa hiyo kuyatoa hakupunguzi ulaji. Sensa ya nyuma huyakagua masega yenyewe. Yasipokuwepo, taa ya injini huwaka, mara nyingi kwa namba ya hitilafu P0420, inayosema masega hayafanyi kazi ipasavyo.

Ndani ya masega kuna kauri yenye vitundu kama sega la nyuki, imepakwa madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. (Ndiyo maana wapo mafundi wanaoomba wabaki nayo "kama takataka". Yana bei!)

Yakiziba, tafuta kwanza chanzo: plagi mbovu, au injini inayokula oili.