Ziara ya maabara ya fizikia chuoni: yanayosemwa na yalivyo

"Wanaenda kutembea tu." Mzazi anayeombwa nauli ya basi husema hivyo, na mara nyingine hajakosea. Wanafunzi 60 wakipangwa mstari, wakaoneshwa mashine kwa mbali, wakapiga picha ya pamoja getini na kurudi, hayo ni matembezi kweli. Ziara ya vitendo ni watatu au wanne mezani: huyu anapima, huyu anahesabu sekunde, huyu anaandika, kisha wanabadilishana.

"Kuna mitambo ya mamilioni, watoto watashika nini?" Meza za mwaka wa kwanza zina vitu vya kawaida kabisa. Chukua tochi ndogo ya leza nyekundu (macho ya watu yaepushwe) na unywele mmoja. Umulike, kisha tazama ukuta ulio mita 2 mbele. Hutaona kivuli cha unywele. Utaona madoa ya mwanga yaliyoachana kwa mapengo ya giza. Unywele wa milimita 0.08 hutoa mapengo yanayoachana kwa sentimita 1.6 hivi. Hizo rula inazipima bila shida, na kutoka hapo unakokotoa unene ambao rula yenyewe isingeuona.

"Kuna mionzi." Ipo, hata jikoni kwako. Chembe ndogo mno ziitwazo muoni, ambazo ni aina ya mionzi inayozaliwa angani, hupita kwenye kila sentimita ya mraba kiasi cha mara moja kwa dakika, kwa hiyo kiganja chako kimeshapitiwa na nyingi tangu uanze kusoma.

"Jibu lazima liwe 9.8." Hii ndiyo inayoniudhi. 9.8 ni namba inayoonesha jinsi vitu vinavyoanguka vinavyoongeza mwendo kwa kuvutwa na dunia, na shuleni hupimwa kwa pendulamu, yaani gololi inayobembea kwenye uzi. Aliyesoma fizikia sekondari anajua kupika data: pendulamu imetoa 9.4, ufutio unatembea kwenye jedwali hadi 9.8 itokee. Chuoni anayekusimamia hatakuuliza kwa nini si 9.8; atakuuliza hiyo 9.4 imetoka wapi. Uzi ni sentimita 24 na gololi ina upana wa sentimita 2. Ulipima uzi peke yake, ukasahau kwamba urefu wa pendulamu unaishia katikati ya gololi. Sentimita moja hiyo inashusha jibu kwa asilimia 4, na 9.4 yako ndiyo hiyo. Aliyepika hawezi kuligundua kosa hili, maana ameshalifuta.

Si wanafunzi peke yao wenye ugonjwa huu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya sekondari Mkwawa, Iringa, alitembelewa na chuo badala ya yeye kukitembelea: Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikwenda kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lake, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yaliyopoa, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane! Bahati nzuri jibu lile halikupikwa, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne walilichapisha pamoja.

"Ni ya wale wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), watakaokuwa wanafizikia." Makala ile ilipotoka, Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, akisomea uhifadhi, na kazi yake baadaye ilikuwa ya wanyamapori. Swali lake wanafizikia wanalo bado: wapo wanaorudia jaribio wakaona alichoona yeye, na wapo wanaorudia wasikione.