Nyumba isiyokalika: kosa ni jambo moja, wajibu ni jingine

Kila mafuriko yakiingia kwenye nyumba za kupanga, au moto ukila paa, nasikia kauli ileile: "Hilo ni janga, mwenye nyumba hakulileta, kwa hiyo hana wajibu wowote." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine ni wapangaji wenyewe, wanaoendelea kulipia chumba wasichoweza kulala. Hilo ndilo linaloniuma.

Maana yenyewe ni fupi. Nyumba isiyokalika ni ile ambayo mtu hawezi kuishi ndani yake bila kuhatarisha afya au uhai: paa limeng'oka, ukuta umepasuka na kuinama, maji taka yanarudi juu kupitia chooni, nyaya za umeme zimelowa. Rangi iliyobanduka au kitasa kinachogoma ni ubovu wa kawaida. Utengenezwe, ndiyo, lakini haumfukuzi mtu nyumbani.

Sasa tuje kwenye kinachochanganywa. Kosa linahusu nani alisababisha, na kwa kawaida ndilo linalozaa fidia: godoro lililooza, mtoto aliyebanwa kifua kwa ukungu wa ukutani, gharama za kuhama. Ili mwenye nyumba alipe hayo, mara nyingi itabidi ionekane kwamba alijua, au alipaswa kujua, akapuuza. Mvua iliyopita kiasi peke yake haimtii hatiani, na hapo wasemaji wetu wako sahihi.

Wajibu wa kumpa mpangaji mahali panapokalika hauanzii huko. Kodi ni malipo ya mahali pa kuishi. Mahali hapo pakitoweka, hakuna kinacholipiwa tena, hata kama hakuna binadamu wa kulaumiwa. Kusimamisha kodi si adhabu, na mwenye nyumba hahitaji kuwa mkosaji ili kodi isimame.

Fikra ya kwamba mpangaji alipe tu, liwalo na liwe, ina historia ndefu. Katika kesi ya Paradine v Jane ya mwaka 1647, Uingereza, mpangaji alifukuzwa kwenye ardhi aliyokodi na jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mahakama ikamwambia alipe kodi yote. Kwa sheria ya enzi hizo, kilichokodishwa ni ardhi, na nyumba iliyo juu yake ni nyongeza tu. Kwa mkulima hoja hiyo ilikuwa na mantiki kiasi, maana banda likiungua shamba linabaki. Kwa familia iliyopanga vyumba viwili ghorofa ya nne, hiyo ardhi iko wapi?

Mwaka 1843, katika Smith v Marrable, familia iliyokodi nyumba yenye samani huko Brighton, Uingereza, iliikuta imejaa kunguni, ikahama. Mahakama ikakubali kwamba nyumba ya namna hiyo lazima iwe inakalika tangu siku ya kwanza. Mwaka huohuo kesi nyingine, Hart v Windsor, ikawanyima kinga hiyo waliokodi nyumba tupu. Mabadiliko makubwa nchini Marekani yalikuja mwaka 1970 kupitia Javins v. First National Realty, iliyotokea Washington. Jaji J. Skelly Wright alieleza kwamba mpangaji wa mjini hanunui haki juu ya udongo; ananunua kuta, dari, joto, mwanga, mabomba yanayofanya kazi, milango na madirisha salama. Visipokuwepo, wajibu wa kulipa nao unatikisika. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inalisema waziwazi: moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wa mpangaji yakiifanya nyumba isifae, kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu, inasimama hadi nyumba ifae tena.

Lakini wapo pia wanaovuta upande wa pili: wakisikia haya wanaacha kulipa kimyakimya. Huko ni kujitafutia notisi ya kufukuzwa. Mwenye nyumba lazima ajulishwe, tena kwa maandishi, na picha zipigwe kabla tope halijafagiliwa. Sheria za nchi zinatofautiana kuhusu nani anathibitisha kwamba nyumba haikaliki, na mpangaji aliyeiunguza mwenyewe kwa uzembe hawezi kuidai nafuu hii.

Basi anayesema mwenye nyumba hadaiwi fidia kwa mvua ya Mungu, mwache, huenda yuko sahihi. Akiongeza kwamba kodi ya mwezi ujao iko palepale, mrekebishe kwa upole, hasa kama aliyeketi kando yake anahesabu hela za kwenda kulipia chumba kilichojaa maji.