Mtoto wa miaka 11 hashibi? Si ulafi huo

Juzi binti yangu karudi madrasa jioni, ana miaka 11, hata buibui hajavua ashafunua sufuria ya wali wa nazi akwangua ukoko na kijiko, na ule wali saa saba alikuwa ashaula sahani nzima. Mavyaa wangu alikuwa kaketi pale akamtazama weee halafu akaniambia mwanangu, mtoto wa kike mbona ala hivi, mtie adabu mapema, au ana minyoo huyo. Sikumjibu, ni mzee wangu na najua ampenda mjukuu wake, lakini maneno haya hapa kwetu Langoni, Lamu, nayasikia kila nyumba na watoto wanaumia nayo, ndio nimeona niandike.

Tuanze na minyoo basi. WATU HUSEMA mtoto akila sana ana minyoo. Minyoo ipo na sisi wa pwani tunaijua, ndio maana watoto hupewa dawa shuleni na mzazi asikatae. Lakini minyoo mara nyingi humfanya mtoto AKOSE hamu ya kula, tumbo lamuuma, na ikiwa ni safura yamfyonza damu mpaka macho yakawa meupe na yeye kuchoka choka. Mtoto anayemaliza sahani mbili kisha akatoka kucheza mpaka magharibi, na sketi ya shule kila muhula yapanda juu ya goti, huyo anakua tu. Ya binti yangu nimeshusha pindo mara mbili tangu Januari, sai hakuna tena pindo la kushusha.

Na hii ndio inaniuma kuliko zote: mvulana ndiye anayekua, msichana kidogo yamtosha. Sikilizeni jamani. Kabla ya kubaleghe mtoto huongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Msichana huanza kurefuka kwa kasi kwenye miaka 10 hivi, na ile kasi yenyewe kubwa huja karibu na miaka 12, hapo aweza kuongeza kama sentimita 8 kwa mwaka mmoja. Mvulana huchelewa kama miaka miwili, yeye kasi yake kubwa huja karibu na 13 au 14, aongeza 9 mpaka 10. Si wote sawa, kuna wanaowahi na wanaochelewa, lakini kwa kawaida ndio hivyo. Sasa chukua nyumba ina msichana wa 11 na kakake wa 12, anayejenga mifupa na damu kwa haraka saa hii ni nani? Ni yule msichana! Na sisi tukipakua ile nofu kubwa ya samaki twamwekea nani? Kakake, yeye msichana twampa mchuzi na mkia. Halafu sehemu kubwa ya urefu wake huwa ashaipata kabla hajavunja ungo, baada ya hapo ni sentimita chache tu zabaki, na damu ya kila mwezi nayo yaanza kumtoka, yataka madini ya chuma ya kuirudisha. Kakake zamu yake yaja, naye atakula mpaka mshangae, lakini zamu ya dada ni sasa.

Wengine wakiona kitumbo na mashavu wasema ananenepa, mpunguzieni. Mwili wa umri huu huweka akiba ya mafuta na kwa msichana ni kawaida kabisa nyonga kujaa. Ukitaka kupunguza punguza soda na krisps za dukani, chakula cha sinia usimpunguzie, na hilo neno bonge usimwite hata kwa mzaha, kwa sababu mtoto anayeonewa haya kwa njaa yake hujifunza kula kwa kujificha.

Kuna sisi pia tunaodhani bora tumbo lijae. Mahamri matatu na chai ya rangi hujaza kweli, baada ya saa mbili yuko jikoni tena, kisha twasema mlafi. Mpe yale mahamri na mbaazi za nazi uone atakavyotulia. Kutoka miaka 9 mpaka 18 mtoto ahitaji kama miligramu 1,300 za kalisiamu kwa siku, mimi mamake nahitaji 1,000, yaani yeye mdogo anishinda! Hiyo ipo kwenye maziwa, dagaa wanaoliwa na miba yao, na simsim. Chai nayo iweke mbali na chakula, saa moja hivi, kwa sababu yazuia mwili kuchukua chuma iliyomo kwenye mbaazi na mchicha, ila ukikamua ndimu au ukampa embe pale pale chuma yaingia vizuri zaidi. Najua kusi likivuma samaki huadimika na bei yapanda, basi ni kunde, mayai, mbaazi, si lazima samaki changu kila siku.

Wengine nao husema: alikuwa ala sana, sasa hali, kapigwa jicho. Dua msomee, ni kheri. Lakini kukua huja kwa vipindi, na kipindi kikipita hamu hushuka, akiwa acheka na acheza wala hakondi muache.

Ila msichukue kila njaa kuwa ni ya kukua, hapa naomba sana tusikizane. Mtoto akila sana na HUKU akikonda, akawa anywa maji bila kukata kiu, aamka usiku kukojoa au aliyekuwa ashaacha kukojoa kitandani kaanza upya, hicho chaweza kuwa kisukari cha watoto na hakingojwi. Akianza kutapika na kupumua kwa kasi ni hatari ya kufa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa kijiji cha mbali kama Siyu kule kisiwa cha Pate usiseme wacha tuone wiki ijayo, tafuta boti, na ukifika waambie wampime sukari, ni tone la damu kidoleni na jibu latoka pale pale.