Je, wajua kwa nini daktari anafundishwa kusachi tafiti wakati Google kila mtu anayo?

Mwaka 2001 huko Baltimore, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuwa wanachunguza pumu, walitaka kujua mapafu ya mtu mzima wa afya yanajilindaje yasibane. Mmoja wa waliojitolea alikuwa dada wa miaka 24, hana ugonjwa wowote, mfanyakazi wa maabara hapohapo. Mwezi wa tano akavutishwa dawa inaitwa heksamethoniamu, haukupita muda kikohozi kikaanza, mapafu yakazidi kuharibika, tarehe 2 Juni akafariki.

Sasa ile dawa haikuwa mpya. Ilikuwa dawa ya presha miaka ya 1950, na kuanzia miaka hiyohiyo kulikuwa na ripoti za madaktari wanaosema jamani, kuna wagonjwa wanaotumia hii dawa tumeona mapafu yao yameharibika. Zilichapishwa, zilikuwepo kwenye majarida, zilikuwepo maktaba. Ila wakati wa kuandaa ule utafiti, taarifa za usalama zilitafutwa kwenye kitabu cha kiada na kwenye PubMed, yaani kanzidata ya mtandaoni ya makala za afya, na PubMed ya wakati ule ilikuwa inaanzia mwaka 1966 tu. Ya nyuma ya hapo haikuletei kitu, haikuambii hata kwamba kuna ya nyuma, we unaona kimya unadhani dawa haina shida. Mwezi wa saba serikali ya Marekani ikasimamisha kwa siku kadhaa karibu tafiti zote za chuo hicho zilizofanywa kwa binadamu kwa pesa za serikali. Siku hizi PubMed inarudi nyuma mpaka miaka ya 1940, lakini yule dada ndo alishakwenda.

Mimi mtu akiniuliza kwa nini mwanafunzi wa udaktari au wa unesi apotezewe muda kufundishwa kutafuta tafiti, hiyo ndo stori ninayompa kwanza. Watu wengi wanaona kusachi ni kazi ya mwanafunzi anayeandika ripoti ya mwisho ili amalize chuo. Hapana. Kusachi ni sehemu ya kutibu, sawa na kupima presha au kusoma picha ya eksirei, na ukikosea kuna mtu anaumia.

Haya, kwa nini Google haitoshi? Kwanza ukubwa wa kitu chenyewe. PubMed peke yake ina rekodi zaidi ya milioni 35 za makala za afya, na kila siku zinaongezeka. Google inakupangia kwa vigezo vyake yenyewe, leo inakuletea hivi, kesho kwenye simu ya mwenzako inaleta vile, na huwezi kumwelekeza mtu mwingine apite njia uliyopita wewe apate kilekile. Kwenye kanzidata kama PubMed unaweza, kila ulichoandika kinaonekana kwenye historia, ukikihifadhi mwalimu anakikagua, mwenzako anakirudia.

Pili ni suala la maneno, na hapa ndo wengi wanakwama bila kujua kama wamekwama. Ugonjwa mmoja unaandikwa kwa majina kumi. Huyu kaandika cancer, yule kaandika neoplasm, mwingine carcinoma, wa nne tumour, wa tano tumor bila ile u. Sisi huku tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, tunaandika paediatric na anaemia na haemorrhage, wakati Wamarekani wanaandika pediatric, anemia, hemorrhage, na mfumo wenyewe umejengwa na Wamarekani. Ndo maana Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianzisha mwaka 1960 orodha rasmi ya maneno inaitwa MeSH. Ichukulie hivi, mtaani mtu mmoja anaitwa Baba Asha, sokoni anaitwa Mangi, kanisani Mzee wa Kwaya, lakini kwenye kitambulisho cha taifa jina lake ni moja, ukilijua hilo unampata popote alipo. Saratani zote kwenye MeSH kitambulisho chao ni Neoplasms, mwandishi awe aliandika nini sijui.

Lakini usije ukaitegemea MeSH peke yake, hilo wanafunzi wasipoambiwa wanaumia. Si kila makala iliyomo PubMed imepewa hivyo vitambulisho, kuna makala kibao hazina kabisa, kwa hiyo unachanganya, unaweka neno rasmi na maneno ya kawaida pamoja, unayaunganisha na OR. OR inapanua wavu, leta hili au lile. AND inabana, leta zenye vyote viwili. NOT inaondoa, na hii ni hatari, maana ukiandika NOT adults ukidhani umebaki na watoto umetupa pia kila makala iliyohusu watoto na watu wazima kwa pamoja. Halafu kuna kinyota, ukiandika child* inakuletea child, children, childhood, tamu sana, ila jua kwamba ukiweka kinyota PubMed inaacha kukusaidia kulinganisha neno lako na MeSH, vivyo hivyo ukifunga maneno kwenye alama za kunukuu. Vitu vidogo hivi hakuna mtu anavigundua mwenyewe, lazima kuwe na mtu wa kukuonyesha.

Ila ngoja, maneno si mwanzo. Mwanzo ni swali. Kuna njia inaitwa PICO, ilitoka mwaka 1995, herufi nne tu: mgonjwa wako ni nani (Patient), unataka kumfanyia nini (Intervention), unalinganisha na nini (Comparison), na matokeo gani unayajali (Outcome). Nitatoa mfano wa huku kwetu kabisa maana naona watu wengi hawaujui, na unastahili kujulikana na kila mtu anayefanya kazi wodi ya watoto.

Kwa miaka mingi vitabu vilisema mtoto akifika na homa kali, mzunguko wa damu umelegea, mikono na miguu ya baridi, mwagie maji ya dripu kwa haraka, mengi kwa mkupuo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanafanya nchi tajiri na ilionekana ni akili ya kawaida tu. Swali kwa PICO linakuwa hivi: mtoto wa Afrika mwenye maambukizi makali na mzunguko hafifu, kumwagia maji haraka, ukilinganisha na kutommwagia, je anapona au anakufa? Utafiti wa kulijibu ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, unaitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa anafanya kazi Kilifi, Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome, na kwa upande wa Tanzania ilihusika hospitali ya Teule kule Muheza. Walipanga watoto 3,600. Walipofika 3,141 ukasimamishwa, maana waliomwagiwa maji haraka ndo walikuwa wanakufa zaidi. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, wakati kwa wale ambao hawakumwagiwa ilikuwa asilimia 7.3. Ikachapishwa Mei 2011.

Sasa fikiria daktari aliyemaliza chuo 2009 na kitabu chake cha 2005, yuko wilayani, anafanya vilevile alivyofundishwa, kwa moyo wote, usiku kucha hajalala. Jibu lipo, limetoka kwenye nchi yake mwenyewe, kwa watoto kama anaowatibu, na akilisachi analipata bure. Unaandika (child* OR paediatric* OR pediatric*) AND ("fluid bolus" OR "fluid resuscitation") AND Africa, unaanza kusoma.

Na kusoma kwenyewe kuna mtego. FEAST haikuingiza watoto wa kuharisha walioishiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali. Kwa hiyo mtu aliyesoma kichwa cha habari tu akakimbia wodini kuzuia dripu kwa mtoto wa kipindupindu, huyo naye anaua. Ndo maana muhtasari wa makala hautoshi, lazima ushuke mpaka pale wanaposema waliwachukua akina nani na wakawaacha akina nani. Nasisitiza hili kwa sababu makala nyingi ukibonyeza unapata muhtasari bure halafu makala yenyewe wanataka hela, na mtu anaishia pale palipo bure.

Kuna kingine. Utafiti mmoja mara nyingi hautoshi, ndo maana kuna watu kazi yao ni kukusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima kwa pamoja, mapitio ya kimfumo, kama yanayofanywa na mtandao wa watafiti unaoitwa Cochrane tangu 1993. Nguvu yake unaiona kwenye suala la watoto wachanga kulala. Mpaka miaka ya 1980 mwishoni wazazi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanaambiwa mlaze mtoto kifudifudi. Mwaka 2005 mapitio ya kimfumo yakaonyesha kwamba kama kuna mtu angezikusanya tafiti zilizokuwepo tayari mwaka 1970 angeona kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla, na ushauri ungebadilishwa mapema, ukaokoa watoto zaidi ya 10,000 Uingereza na si chini ya 50,000 ukijumlisha Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Tafiti zilikuwepo. Hakuna aliyezikusanya.

Tukirudi kwenye kufundisha. Vyuo vingi vinafanya hivi, mwaka wa kwanza mnapelekwa maktaba, mkutubi anawaonyesha PubMed kwenye projekta kwa saa moja au mbili, mnasaini, imeisha. Mwaka wa tano hakuna anayekumbuka kitu, na si kosa la mkutubi. Mwaka 2004 kwenye jarida la tiba la BMJ yalitoka mapitio yaliyolinganisha namna za kufundisha madaktari kutibu kwa ushahidi wa tafiti, wakaona kwamba somo likisimama peke yake darasani linaongeza ujuzi wa kichwani tu, lakini likifundishwa ndani ya kazi ya wodini linabadilisha pia uwezo, mtazamo na hata tabia. Na inaeleweka, mtu hawezi kujifunza kutafuta jibu la swali ambalo hana.

Na maswali yapo, tena tele. Utafiti wa Los Angeles wa mwaka 1985 uliofuata madaktari 47 ulikuta kila wagonjwa watatu wanaibua kama maswali mawili, na ni asilimia 30 tu ndo yalijibiwa mgonjwa akiwa bado yupo, tena mara nyingi kwa kumuuliza daktari mwenzake. Kwa hiyo mwalimu anayejua kazi yake hafanyi jambo kubwa, kwenye raundi ya asubuhi akikutana na kitu chenye utata anamwambia mwanafunzi mmoja, wewe hili swali lako, kesho njoo utuambie ulisachi nini, wapi, ukapata nini na nani hakuhusishwa. Dakika tano tu. Mkutubi naye atoke maktaba, aje wodini, kuna hospitali za nje zimefanya hivyo miaka mingi tu na mimi naona sisi ndo tunahitaji zaidi, kwa sababu huku mtu wa kuulizwa mara nyingi hayupo, daktari ni mmoja wilaya nzima.

Na siku hizi kuna AI za kuchati. Wanafunzi wanaziuliza, zinawapa makala tano zenye majina mazuri, waandishi, mwaka, jarida, na kumbe mbili hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Itumie kukusaidia kufikiria maneno ya kusachi, sawa, lakini kila makala iliyotajwa ifuate PubMed uione kwa macho yako kabla hujaiweka kwenye kazi au hujamtibu nayo mtu.

Hela isiwe sababu. Tangu Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wana mpango unaitwa Hinari, siku hizi uko chini ya Research4Life, na taasisi za nchi za kipato cha chini zinafunguliwa maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Chuo kinaruhusiwa, hospitali inaruhusiwa, hata ofisi ya serikali. Nywila inatolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo kamuulize mkutubi wa chuo chako au wa hospitali yako, na kama hospitali haijasajiliwa mwambie mganga mkuu ajaze fomu kwenye tovuti yao. Kwa magonjwa ya huku ongeza AJOL na African Index Medicus, ambazo ni kanzidata za makala za Afrika, maana majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye PubMed, na usipopita kule utasema utafiti wa kwetu haupo wakati upo.