Gawio la mwongo ni nini?

Mwenye hisa kwenye kampuni hupata gawio, yaani sehemu ya faida, bila kushika jembe. Siku hizi mwongo naye ana gawio lake. Wanasheria wawili wa Marekani, Danielle Citron na Robert Chesney, walilieleza katika makala yao ya 2019 kuhusu video za kughushi: kadiri watu wanavyojua kwamba akili mnemba (AI) huweza kuiga sauti na sura ya mtu, ndivyo mkosaji anavyopata urahisi wa kuikana rekodi ya kweli.

Tuseme mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mama muuza dagaa anamrekodi kwa simu mtu anayemdai rushwa. Sauti inaingia kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia jioni imeshasikika Mwanga na Ujiji. Zamani yule mtu angetafuta wa kumwombea radhi. Leo anajibu, “Hiyo ni AI,” na nusu ya kundi wanaanza kusitasita. Hajaghushi chochote. Anavuna shaka iliyopandwa na walioghushi.

Gabon shaka ya namna hiyo ilifika mbali. Rais wa wakati huo, Ali Bongo, baada ya kuugua nje ya nchi kwa miezi, alitoa salamu za Mwaka Mpya wa 2019 kwa video. Wakosoaji wakadai imetengenezwa, na tarehe 7 Januari wanajeshi wakajaribu kupindua serikali. Haukupatikana ushahidi kwamba video ile ilighushiwa.

Kwetu kuna ugumu mwingine. Mazungumzo yale ya mwaloni huenda yalikuwa ya Kiha, au Kirundi, au Kibembe cha wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, ilhali programu za kutambua sauti bandia zimefunzwa zaidi kwa lugha kubwa, hasa Kiingereza. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, kwa anayechapisha uongo akijua. Kwa hiyo mtu akishapiga kelele kwamba sauti ni bandia, anayeingiwa na hofu ni mama. Kwangu mimi, kanuni za akili mnemba zingeanzia kwake: apate pa kupeleka rekodi ipimwe, na mtu anayeielewa lugha yake.

Kwa sasa kinga yake ni faili la kwanza, lililobaki kwenye simu iliyorekodi. Nakala zilizozunguka makundini hazionyeshi zilikoanzia. Asilifute, na awakumbuke waliokuwepo mwaloni siku ile.