Infomatiki ya afya: kisukari, utabibu na kompyuta vinapokutana

Mtafiti akiandika kwamba anashughulikia kisukari, utabibu na mifumo ya taarifa, wengi hudhani amerundika kazi tatu. Mara nyingi kazi ni moja, nayo huitwa infomatiki ya afya. Ni taaluma inayochunguza habari za mgonjwa: zikusanywe vipi, zitunzwe wapi, zimfikie nani na kwa wakati upi, ili anayetibu aamue vizuri. Kufunga kompyuta hospitalini ni kazi ya fundi. Mwanainfomatiki huuliza kinachostahili kuandikwa ndani yake.

Kisukari kinaihitaji taaluma hii kuliko maradhi mengi kwa sababu ni ugonjwa wa miaka. Sukari ya milimoli 9 kwa lita leo asubuhi haisemi mengi hadi ujue ilikuwa ngapi mwezi uliopita, kama mgonjwa alikuwa amekula, anatumia dawa gani, na presha, figo na macho yake yakoje. Mgonjwa wa Kondele, mjini Kisumu, hupimwa leo kwenye duka la dawa, wiki ijayo zahanati, na baadaye hospitali ya rufaa. Historia yote imo ndani ya daftari la shule analolibeba mfukoni. Daftari likibaki kwa ndugu huko Siaya, daktari anaanza upya.

Hata kipimo kilichoandikwa kinaweza kupotosha. Mashine moja inasoma kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. 7 ya kwanza ni sawa na 126 ya pili, kwa kuwa tofauti yake ni kuzidisha kwa 18. Namba isiyo na kizio chake, yaani milimoli au miligramu, haifai kuhifadhiwa, na mfumo mzuri hauiruhusu ipite.

Lakini mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, hasa na sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, ni HbA1c, ambayo wagonjwa wengi huiita kipimo cha miezi mitatu. Sukari iliyo kwenye damu hujinasa kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Kwa kuwa seli hizo huishi siku 120 hivi, kiasi kilichonasa kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali asilimia 6.5 kuwa kigezo cha kutambua kisukari, kwa sharti kwamba mgonjwa hana hali inayovuruga kipimo chenyewe.

Sharti hilo ni zito Kisumu. Eneo la ziwa lina malaria nyingi, na pamoja na malaria limekuwa na siko seli (selimundu), hali ya kurithi ya seli nyekundu za damu, kwa vizazi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi siko seli kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana hali hiyo imeendelea kurithiwa. Sasa, kwa mwenye ugonjwa kamili wa siko seli, seli nyekundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Sukari haipati muda wa kujinasa, na majibu yanatoka chini kuliko ukweli. Kuongezewa damu nako kunaweza kuyavuruga. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuyavuta juu. Maabara inaweza kufanya kazi yake bila kosa, na bado mgonjwa akaambiwa yuko sawa ilhali sukari inamuumiza macho na figo.

Hapo ndipo mtafiti wetu anapata kazi. Habari ya siko seli huenda iko kwenye faili la utotoni, majibu ya HbA1c yako maabara, na anayeandika dawa ni afisa wa kliniki mwenye foleni mlangoni. Mfumo ukiziunganisha, unaweza kumwonya hapo hapo: kipimo hiki usikitegemee kwa mgonjwa huyu, angalia sukari ya kufunga, inayopimwa kabla ya kula, au fruktosamini, kipimo kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hadi tatu.

Magharibi mwa Kenya si wageni katika jambo hili. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na kazi hiyo ilianza OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure inayotumika sasa katika nchi nyingi. Moyo wake ni kamusi ya dhana: kila swali linaloulizwa kliniki huingizwa humo pamoja na aina ya jibu na kizio chake. Mfumo huo ulikua kwa ajili ya VVU, lakini kamusi inapokea maswali ya kisukari bila kubomoa programu nzima. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara kubwa.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa simu na vifaa, glukometa (mashine ndogo ya kupima sukari) ikiwemo, kwa hiyo sukari inaweza kupimwa mlangoni Nyalenda, Kisumu, au Kaptembwo, Nakuru. Mtafiti atataka kujua kama kipimo hicho kinamfikia daktari, na kama mgonjwa aliyekosa kliniki anapigiwa simu. Atataka pia kujua nani mwingine anakiona, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti.